Toa nywele kwanza, siki baadaye

Jumanne moja mwezi wa nne, saa kumi na mbili asubuhi, niliingia bafuni nikafungua shawa nikajipaka sabuni, na kabla sijamaliza kusugua mgongo maji yalishafika kwenye vifundo vya miguu. Na sio maji yangu peke yangu. Mengine yalikuwa yanapanda kutoka chini, na povu la kijivu, na uzi mmoja mrefu wa rasta rangi ya mvinyo ukawa unaelea unanizunguka mguu. Nikatoka na sabuni mwilini, nikaenda kujimwagia maji ya jerikeni nyuma ya nyumba, kazini nikafika nimechelewa na ngozi inawasha mpaka saa sita mchana.

Naandika hii kwa sababu tangu wiki ile nimeulizwa swali moja na majirani, wenzangu kazini na shangazi yangu mmoja wa Soroti: eti bafu likiziba unamwaga nini? Na kila anayeuliza tayari ana jibu lake mkononi, siki na bekin soda, ameona kwenye simu vile inavyochemka povu na mtu anacheka. Mimi nimejaribu. Nimejaribu na vingine pia. Nitaeleza yote, lakini mkishika neno moja tu mshike hili, kwamba bafu halizibuliwi kwa kumwaga, linazibuliwa kwa kutoa, hivyo vya kumwaga vinakuja baadaye kumalizia kazi.

Tunaishi Namuwongo, Kampala, huku chini, karibu na mtaro. Ni mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, vyetu viko vinane na watu ni kumi na tisa ukihesabu watoto, na mabafu mawili tu ya pamoja. Moja ni la beseni, la pili landilodi aliweka shawa mwaka juzi akapandisha kodi. Kwa hiyo hili la shawa kila mtu analitaka, asubuhi kuna foleni, na likiziba sio shida ya mtu mmoja, ni ugomvi wa uwanja mzima. Na ugomvi wa bafu unajulikana unaelekea wapi, unaelekea kwa wanawake. Nywele, nywele, nywele. Siku ile aliyelaumiwa kuliko wote ni dada mmoja wa chumba cha sita, mtoto wa Bunia kule Kongo, anasoma na huku anasuka watu rasta apate nauli. Alikuwa amefumua za kwake Jumapili. Aliposikia wanamsema dirishani alinyamaza tu akaingia ndani akafunga mlango, na mimi ile iliniuma, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuziba bomba la watu kumi na tisa kwa siku moja, hata angetaka.

Binadamu anapoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, ni kawaida, hata mwanaume. Ukiwa umesuka hazianguki, zinabaki zimeshikwa humo ndani ya msuko wiki nne, wiki sita, alafu siku ya kufumua zinatoka zote pamoja na wewe unaona kama unanyonyoka kichwa. Ukienda kuosha siku hiyo hiyo, zinashuka zote. Hapo ni kweli. Lakini chini tayari kuna kitu cha kuzishika, na hicho ni mafuta na sabuni ya sisi wote, na nyuzi za dodoki, na mchanga wa miguu, na karatasi ya sabuni ambayo mtoto wa mtu aliiacha iende.

Jumatano landilodi alileta fundi wake. Yeye hakuuliza kitu, alikuja na chupa ya plastiki haina hata jina, akatuambia tukae mbali, akamwaga. Ilikuwa tindikali. Moshi ulitoka mweupe unakata koo, mama wa chumba cha kwanza akakimbiza mtoto wake mwenye pumu mpaka barabarani kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, wakakaa huko mpaka jioni. Maji yakashuka, ndio, kidogo kidogo. Ijumaa yakarudi pale pale, na zaidi ya hapo ukuta wa chumba cha kwanza chini ukaanza kulia maji, kiungio cha bomba kililiwa au kilikuwa kibovu tangu zamani tindikali ikamalizia, sijui, ila kabla ya ile chupa ukuta ulikuwa mkavu. Tulichanga shilingi 50,000 ya fundi na baadaye saruji ya ukuta tukachanga tena.

Ndo hapo nikasema basi, hii kazi naifanya mwenyewe.

Mimi nimezaliwa na kukulia kambi ya polisi ya Nsambya. Kiswahili changu ni cha kambi, baba ni Mteso wa wilaya ya Kumi, jirani mkono wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Mnubi wa Bombo, sasa watoto mnacheza kwa lugha gani? Kwa hiyo hiyo. Tulikuwa tunalala kwenye unipoti, ile nyumba ya mabati ya mviringo ambayo mchana inakuwa tanuri, na mabafu yalikuwa ya mstari mmoja wa familia zote. Sikumbuki hata siku moja upande wetu umeziba. Sasa nikiwa mtu mzima ndo nikaanza kujiuliza ilikuwaje, watu wale wote, sabuni ya mche ile, vumbi la kambi. Nikampigia mama.

(Kwa Kiteso mama anaitwa toto, nikiwa mdogo Waswahili wa kambini walikuwa wanacheka kwamba mtoto anaita mama yake mtoto. Ila kwenye simu naongea naye Kiswahili, ndo mazoea yetu.)

Kabla sijafika kwa mama niseme kwanza ya siki na soda, maana hiyo ndo tulianza nayo Jumamosi asubuhi kabla sijampigia.

Tulimtuma mtoto dukani alete soda, akarudi na chupa ya soda ya kunywa. Akili ya mtoto haina kosa, soda ni soda. Na bwana mmoja wa chumba cha nne akasema hata hiyo inafaa, akaimwaga. Mimi siwashauri. Ina asidi kidogo, kweli, lakini ina sukari nyingi kuliko asidi na kesho yake tulikuwa na sisimizi mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu. Akatumwa tena, sasa kwa karatasi imeandikwa: bekin soda. Hapa mnunuzi awe makini, sio bekin pauda. Bekin pauda imeshachanganywa na asidi yake humo ndani pamoja na wanga, ule wanga ukikutana na maji ya moto unakuwa uji, na wewe ulikuwa unatafuta kuzibua.

Tukamwaga nusu kikombe cha soda, juu yake nusu kikombe cha siki. Ikachemka! Watoto wakapiga makofi. Dakika moja, mbili, ikatulia, tukamwaga maji, maji yakasimama pale pale.

Nilikaa nikafikiri sana juu ya hili, na chemia ya shule ikanirudia. Soda ni alikali, yaani kinyume cha asidi, siki ni asidi, ukizikutanisha zinauana. Hilo povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile ya kwenye soda ya kunywa, na inatoka juu inaenda zake kwa sababu juu ni wazi, haina sababu ya kusukuma uchafu chini. Kinachobaki ni maji na chumvi yake moja ambayo haisafishi kitu. Halafu hesabu yenyewe: siki ya dukani asidi yake ni kama asilimia 5, nusu kikombe kinamaliza gramu 9 hivi za soda basi, na wewe umeweka gramu mia na kitu. Ukitaka kuimaliza soda yote unahitaji zaidi ya lita moja na nusu ya siki. Kwa hiyo wengi wanaosema imewasaidia, nadhani kilichowasaidia ni soda iliyobaki na yale maji ya moto waliyomwaga mwishoni, siki ililipwa sifa ya bure.

Na nywele? Siki haili nywele. Dada zangu mnajua, saluni wengine wanasuuza nywele kwa maji ya siki zipate kung'aa, kama ingekuwa inaziyeyusha mngetoka pale na vipara. Kinachoyeyusha nywele ni kostiki, na hiyo pia mnaijua bila kuijua, ndo iko kwenye zile dawa kali za kulainisha nywele ambazo ukichelewa kuosha zinakuchoma kichwa mpaka unatoa kidonda. Sasa dawa za kuzibulia bomba ni kostiki hiyo hiyo ikiwa kali mara nyingi zaidi. Ikirukia jicho ni hospitali, na jicho haliwezi kurudi. Mimi katika nyumba yenye watoto saba siiweki hata kwenye kabati ya juu. Na hata ukiiweka, rasta haiguswi, rasta ni plastiki, itakaa humo mpaka wajukuu wako waje.

Basi nikampigia mama. Nikamweleza yote, tindikali, siki, povu. Akasikiliza. Alafu akauliza swali moja tu: mmefungua kile chuma cha juu mkaangalia?

Hatukuwa tumefungua.

Banange. Watu wazima kumi na wawili, wiki nzima, fundi na chupa yake, hakuna aliyepiga magoti akaangalia ndani ya tundu.

Nikachukua bisibisi. Kichujio kilikuwa na skrubu mbili, moja imeota kutu ikanisumbua nusu saa, nikaipaka mafuta ya kula nikaiacha kidogo ikalegea. Nilipoinua kile chuma harufu iliyotoka, sitaisimulia. Chini yake kuna kikombe na kona ambayo mafundi wanaiita trapu, ile sehemu bomba linapinda linabaki na maji kimo cha sentimita tano hivi muda wote. Hayo maji sio uchafu na msijaribu kuyamaliza, yamewekwa makusudi, ndo yanayozuia harufu na mende wa huko chini wasipande kwako. Kama una bafu ambalo halitumiki na linanuka, mara nyingi ni hayo maji yamekauka, mwagia jagi moja tu harufu inaisha. Lakini ile kona ndo pia mahali ambapo kila kitu kinapumzika.

Nilikata henga ya waya, zile za dobi, nikainyoosha, ncha nikaikunja kama ndoana ndogo, ndogo kabisa, kama ya kuvulia mukene, wale dagaa wa ziwani, angekuwa anavuliwa kwa ndoana. Ikiwa kubwa inashika ukuta wa bomba. Nikavaa kavera, mifuko ya plastiki, mkononi mbili mbili, nikaingiza taratibu, nikazungusha kama mtu anayezungusha kijiti kwenye asali, nikavuta.

Ilikuja kama kamba. Kwanza nyembamba, nikafikiri ni kipande, nikaendelea kuvuta na ikawa inanenepa, nyeusi inateleza, imefungwa na kitu cha kijivu laini kama samli iliyolala, na humo ndani mnaonekana vitu vya kila mtu: ile rasta ya mvinyo, nyingine ya kahawia ambayo yule dada wa Bunia hajawahi kusuka rangi hiyo, nywele fupi fupi za kunyoa ndevu, nyuzi za dodoki zimejipanga kama mifupa ya samaki, shanga moja nyeupe ya mtoto, na ule upande wa karatasi ya sabuni umekunjika vizuri kama umeandaliwa. Urefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Ilipotoka ncha ya mwisho bomba likanguruma, glu, glu, glu, maji yote yaliyosimama yakazunguka mara mbili yakaenda.

Nilimuita yule dada wa chumba cha sita aje aone, na nikawaita na wengine. Sikusema kitu. Niliilaza tu kwenye gazeti kila mtu akatafuta rangi yake. Ule ugomvi uliishia pale.

Sasa ndo tuje kwenye vitu vya jikoni, kwa sababu nywele zikitoka kunabaki yale mafuta yaliyopaka ukuta wa bomba ndani, na yakibaki, nywele za kesho zinapata pa kushika. Bafu letu lina mafuta kweli kweli. Kuna mama wa Lira anayepaka moo yaa, yale mafuta ya mti wa huko kaskazini, mazuri sana kwa ngozi na mimi huwa ananipa, kuna wa vaselini, kuna mtoto mchanga wa mafuta ya nazi. Ukioga maji ya baridi asubuhi hayo yote yanashuka yanaganda njiani.

Mama aliniambia abalang. Watu wa Teso mnajua, Walango na Waacholi wanaita kado atwona, ile chumvi ya majivu ambayo tunapikia majani ya kunde yalainike. Unachoma maganda ya maharage au mabua, majivu unayaweka kwenye chombo chenye vitundu chini, unamwagia maji polepole, yanayodondoka yana rangi kama ya chai. Kambini mama alikuwa nalo kopo lake nje kila wakati, na yale maji ya pili na ya tatu, ambayo hayana nguvu ya kupikia, alikuwa anayapasha moto anayamwaga kwenye mfereji wa bafu kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nafikiri anatupa tu. Kumbe anafanya kazi. Majivu yana potashi, ni alikali, ikikutana na mafuta inayageuza kidogo kidogo kuwa sabuni na sabuni inaenda na maji. Wazee walitengeneza sabuni hivyo hivyo, majivu na mafuta, kabla ya sabuni ya duka.

Sisi Namuwongo hatuna maganda ya maharage, tuna mkaa, na majivu ya mkaa yanafaa pia bora yachujwe vizuri kwa kitambaa. Nasisitiza yachujwe. Kuna mtu nilimwambia majivu akaenda kuyamwaga makavu bafuni, yakakaa chini kama saruji. Ni maji ya majivu, sio majivu. Na usiyaguse mkono mtupu muda mrefu, yanakausha ngozi inapasuka.

Kama huna majivu, hapo ndo bekin soda ina kazi, peke yake bila siki. Na kuna namna ya kuipa nguvu: iweke kwenye kikaango cha chuma cha zamani, juu ya sigiri, ikoroge ikiwa kavu kama unakaanga karanga, dakika ishirini au nusu saa. Utaona inachezacheza kama inachemka, hiyo ni gesi na mvuke vinatoka, ikitulia imegeuka, imepungua uzito zaidi ya theluthi, na sasa ni magadi ya kufulia, alikali kali zaidi kwa mafuta. Usitumie sufuria ya aluminiamu kwa sababu inaliwa na inakuwa nyeusi. Na usionje, wala usiirudishe kwenye pakiti yake ya zamani mtu akaja kuipikia mandazi.

Nilivyofanya mimi: nilichota maji yaliyosimama kwanza kwa kikombe, dawa ikae kwenye mafuta isikae kwenye maji. Nikanyunyizia vijiko vinne vya hayo magadi, nikamwaga maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, nikaacha saa moja tukala. Alafu maji ya moto.

Kwenye maji ya moto watu wanaharibu sana. Mabomba yetu mengi ni plastiki, PVC, na hiyo haitaki kupita nyuzi joto 60 kwa kukaa, ukimwaga maji yanayochemka mara kwa mara inalainika, viungio vinaachia, na utarudi kwenye ukuta unaolia. Hesabu rahisi ni hii: jagi moja la maji yaliyochemka, jagi moja la maji ya mtungi. Hapa Kampala tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi, ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya baridi unapata karibu 60. Yanatosha kuyeyusha mafuta yote niliyoyataja. Mwaga kwa mkupuo, sio kwa kudondosha, uzito wa maji nao unasukuma.

Siki sasa. Siki niliitumia mwisho kabisa, kesho yake, soda ilipokuwa imeshaondoka. Kazi yake ni ule ukoko mweupe kwenye kichujio na ile harufu. Kwa maji ya Ziwa Victoria ukoko sio mwingi kwa sababu maji yale ni laini, lakini ndugu zangu wa huko vijijini wanaooga maji ya bohoo, visima vya kuchimba, yenye chokaa, ambayo sabuni inakataa kutoa povu, kwenu ninyi siki ina maana zaidi. Ndimu inafanya hivyo hivyo. Nilisugua kichujio kwa nusu ndimu na chumvi, ile ya mawe ya Katwe ambayo sikuimaliza kupikia, mswaki wa zamani, kikang'aa.

Na hapa nisimame kidogo nitoe sauti. Siki au ndimu isikutane na jiki. Usimwage jiki asubuhi alafu siki mchana kwenye tundu moja eti moja isaidie nyingine, inatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu, na bafu zetu hizi hazina dirisha, zina tundu la tofali moja. Na kuna ingine ambayo hatuisemi kwa sababu ya aibu: watu wanakojoa bafuni, usiku hasa, watoto hasa, choo kiko mbali na ni giza. Mkojo uliolala ukikutana na jiki nao unatoa gesi ya sumu. Kama bafu lina harufu ya mkojo, suuza kwa maji mengi kwanza, ndoo mbili, kabla hujafungua chupa yoyote. Mama mmoja nilimkuta amekaa nje anakohoa machozi yanatoka, anafikiri ni mafua. Alikuwa ametoka kuosha bafu.

Kuna sababu nyingine siitaki ile chupa ya fundi, na hiyo naiona kila siku nikitoka kazini. Maji ya bafu letu hayaendi kwenye tenki, yanaingia kwenye mfereji, mfereji unaingia mtaro wa Nakivubo hapo chini, unapita unaenda kwenye mafunjo na kutoka hapo ghuba ya Murchison, ziwani. Ggaba, mahali ambapo sehemu kubwa ya maji ya Kampala inavutwa na kusafishwa, ni kwenye ghuba hiyo hiyo. Zamani mafunjo yalikuwa yanachuja mengi, sasa yamekatwa pamelimwa magimbi na nyumba zinasogea. Kwa hiyo ile tindikali ya Jumatano haikwenda mbali sana na sisi, ilipita mlangoni pa watu wengine kwanza. Na wenzangu wenye nyumba za tenki la septiki, ninyi ndani ya tenki mna bakteria wanaokula uchafu bure, ukiwamwagia kostiki na jiki kila wiki unawaua na tenki linajaa haraka, gari la kunyonya unalilipa wewe.

Tulipomaliza tukashuka kuangalia na mwisho wa bomba, nje, pale linapotokea kwenye mfereji. Hapo nusu ya mdomo ilikuwa tope na kavera mbili. Kwa hiyo hata kama tungetoa nywele tu, mvua ya pili maji yangerudi. Mkizibua anzeni huko nje, ni dakika tano na jembe.

Siku hizi juu ya kichujio kuna kipande cha neti ya mbu, iliyotoboka haifai tena kulalia, nimeikata mviringo nikaishikilia kwa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya boda. Kila anayeoga akimaliza anainua, anatoa kilichopo, anatupa kwenye kopo la pembeni. Wiki ya kwanza wanaume walikuwa wanaruka, wanasema wao hawana nywele, mpaka mmoja akainua akakuta ni za ndevu. Jumamosi ni zamu ya chumba kimoja kuchuja majivu na kupasha maji. Yule dada wa Bunia ameongeza yake: siku ya kufumua anachana kwanza akiwa amekaa nje kwenye mkeka, kavu, kila kitu kinabaki kwenye gazeti, ndo anaenda kuosha. Na wateja wake anawafundisha hivyo hivyo.

Imepita miezi mitano maji hayajasimama.

Usiku ule wa Jumamosi nilimpigia mama tena kumwambia imetoka. Nilifikiri ataniuliza kama bomba limepona. Kambini yeye hakuwahi kuacha unywele wetu hata mmoja chini, alikuwa anaziokota kwenye kitana anazifunga kwenye karatasi anazichoma jioni kwenye jiko, kwa sababu nywele za mtoto haziachwi zikaokotwa na mtu usiyemjua, ndo walivyomlea. Mimi nimesoma sayansi, sikuwa nafikiria hayo tena miaka mingi.

Akasema, "Na hizo nywele mlitupa wapi?"

Nikamwambia rasta tulizitenga zikaenda na takataka, moshi wake ni mbaya. Zetu wenyewe tulizichoma.

Akasema, "Haya. Lala sasa, kesho una kazi."